DENI LA ZUBEIR NA AMANA YA MWANAWE



Katika majumba yetu ya pwani liko jambo moja ambalo watoto huogopa kulitaja mbele ya wazee wao, nalo ni mali. Mtoto atamuuliza babake habari za afya yake, atamnunulia dawa, atamshika mkono ampeleke msikitini. Lakini kumuuliza ana deni la nani, na nani ana deni lake, na hati ya shamba iko wapi, huliona hilo ni utovu wa adabu, kana kwamba anamtakia mauti. Mzee naye hunyamaza kwa kuchelea asije akawatia watoto tamaa. Basi hunyamaza wote wawili mpaka siku ya maziko. Hitima ikishasomwa ndipo midomo hufunguka, na aghalabu hufunguka kwa ugomvi.

Waliotutangulia katika dini hawakuwa hivyo. Leo tutazame kisa kimoja cha mzazi na mwanawe, kilichopokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari, aliyefariki mwaka wa 256 wa Hijra, yaani 870. Ni kisa cha mali, deni, wasia na mirathi, na kila nyumba inaweza kujitazama ndani yake.

Zubeir bin Awwam (R.A.) alikuwa mtoto wa Safiyya, shangazi yake Mtume (S.A.W.), na ni mmoja wa wale Swahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Mwaka wa 36 wa Hijra (656) alikuwa karibu na mji wa Basra katika siku ile ngumu ya Vita vya Ngamia, Waislamu walipokabiliana wao kwa wao. Habari za vita hivyo si makusudio yetu hapa. Makusudio yetu ni kuwa Zubeir, aliposimama pale vitani, alimwita mwanawe Abdalla aje asimame ubavuni pake.

Abdalla hakuwa kijana mdogo. Alikuwa mtu mzima wa miaka thalathini na kitu, mwenye watoto wake, na baadhi yao walilingana kwa umri na ndugu zake mwenyewe. Kwani Zubeir siku hiyo alikuwa na watoto wanaume tisa na wanawake tisa. Babake akamwambia kuwa anajiona atauawa siku hiyo hali ya kudhulumiwa, na kwamba kinachomshughulisha zaidi kuliko yote ni deni lake. Akamuuliza kama anadhani deni hilo litabakisha chochote katika mali yao. Kisha akamwagiza auze mali na alipe. Katika kitakachobaki akausia thuluthi, na thuluthi ya hiyo thuluthi akawausia watoto wa Abdalla, yaani wajukuu zake. Mwisho akamwambia kuwa akishindwa na chochote, amtake msaada bwana wake. Abdalla hakufahamu, wala hakuona haya kuuliza: huyo bwana ni nani? Akajibiwa kuwa ni Mwenyezi Mungu.

Tazama, ndugu msomaji. Mzee ndiye aliyeanza kusema. Alianza na deni kabla ya urithi, akamteua mtu mmoja, akamwambia la kufanya. Na mwana aliuliza lile lililomtatiza maadamu mwenye kujua yuhai. Mazungumzo hayo yalikuwa mafupi, tena baina ya panga na mikuki. Lakini yalitosha kuiokoa mali, na yalitosha kuiokoa dhima ya maiti.

Zubeir aliuawa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi, mojawapo ikiwa ile iitwayo Ghaba nje ya Madina, na nyumba kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Abdalla alipolihesabu deni alikuta ni 2,200,000.

Huenda ukauliza, Swahaba mkubwa kama huyu alipataje deni kubwa hivyo? Hakulipata kwa israfu. Watu walikuwa wakimletea fedha awawekee amana, naye akikataa kuzipokea kwa jina la amana. Akiwaambia zichukuliwe kuwa ni mkopo, kwa kuogopa zisipotee. Amana ikipotea bila ya uzembe wa mwekaji, hana kulipa. Lakini mkopo hapana budi urudishwe. Yeye alijitwika lililo zito ili mali za watu zisalimike. Ndiyo maana deni lile lilimkaa moyoni hata katika saa ya mwisho.

Sasa kazi ikawa ya mwana. Hakim bin Hizam alimkuta akamuuliza ndugu yake ameacha deni kiasi gani. Kwanza Abdalla alimtajia 100,000 tu, kwa kumsitiri babake. Hakim akasema haoni kama mali yao inaweza kulitosha hata hilo. Hapo Abdalla akamfunulia kiasi chote, na Hakim akamwambia akishindwa aje kwake. Kisha Abdalla akaiuza ile Ghaba. Zubeir aliinunua kwa 170,000, na mwanawe akaifikisha 1,600,000. Akatangaza kuwa kila mwenye haki kwa Zubeir aje wakutane hapo hapo shambani.

Akaja Abdalla bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000. Bwana huyu alikuwa karimu: alitaka kusamehe, Abdalla akakataa; akataka lingoje, akakataa pia. Basi akakatiwa kipande cha ardhi kwa haki yake. Fungu moja la shamba lile lilikadiriwa kwa 100,000, na miongoni mwa walionunua ni Mundhir, mtoto wa Zubeir mwenyewe. Naye alichukua fungu lake kwa 100,000 kama mnunuzi mwengine yeyote. Hakupewa bure kwa kuwa ni shamba la babake, kwani deni halijaisha, na maadamu deni halijaisha, hakuna la baba.

Deni likalipwa lote. Hapo ndugu zake wakamjia wakataka wagawiwe mirathi yao. Ilikuwa ni haki yao kudai. Lakini Abdalla aliapa kuwa hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija muda wa miaka minne, kwamba aliyekuwa akimdai Zubeir aje alipwe. Akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, mahali wanapokusanyika watu wa kila nchi. Miaka minne ilipotimia ndipo akatoa thuluthi ya wasia, akagawa. Zubeir aliacha wake wanne, na kila mmoja katika fungu lao la thumuni alipata 1,200,000.

Kisa hiki, msomaji mpenzi, kinafuata mpango aliouweka Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika Suratu-Nnisaa. Katika aya ya 11 na ya 12, zinapotajwa sehemu za warithi, imekaririwa mara nne kuwa sehemu hizo ni baada ya wasia au deni. Kwanza maiti huzikwa kwa mali yake, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho mirathi. Thuluthi yenyewe tumeijua kwa kisa cha Saad bin Abi Waqqas (R.A.), aliyeugua Makka mwaka wa Hija ya Kuaga, naye ana binti mmoja tu. Alitaka kutoa sadaka thuluthi mbili za mali yake, Mtume (S.A.W.) akamkataza, akataka nusu, akamkataza, akamwachia thuluthi, na hata hiyo akamwambia ni nyingi.

Wasia hauwi kwa mrithi, kwani yeye fungu lake limekwisha katwa na Mola. Huwa kwa asiyerithi, na hapa ndipo ilipo hekima ya Zubeir kuwakumbuka wajukuu. Kwetu hutokea mtu akafa akaacha watoto wadogo, na babu yao bado yuhai; babu naye afapo, ami zao hurithi na mayatima hao hawapati kitu. Misri waliona uzito wa jambo hili hata mwaka 1946 wakatunga sheria inayowapa wajukuu wa namna hiyo wasia wa lazima katika thuluthi. Hapa kwetu mlango huo uko mkononi mwa mzee mwenyewe, na hupitika maadamu yuhai na akili yake timamu.

Huenda mtu akasema mambo hayo yana makadhi wake. Ni kweli, na haki hiyo haikupatikana kwa usingizi. Nchini Kenya, sheria ya urithi iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981 iliwaweka Waislamu pamoja na wengine wote chini ya mafungu yake. Waislamu wakaipinga, na mwaka 1990 ikarekebishwa ili mirathi ya Muislamu igawiwe kwa sharia ya dini yake. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 170, imezitaja Mahkama za Kadhi na kuzipa kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaoridhia kuhukumiwa nazo. Hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini kadhi hagawi asichokijua. Hawezi kumlipa mdai ambaye jina lake lilizikwa pamoja na mzee.

Na mali zetu za pwani zina mafundo yake. Mombasa ziko nyumba nyingi ambazo mwenye kuta siye mwenye ardhi, na kodi ya ardhi hulipwa kwa mwengine. Unguja na Pemba mikarafuu huweza kuwa ya mtu na kiwanja kikawa cha mtu mwengine. Kuna minazi iliyowekwa rahani zamani, na aliyeipokea rahani na aliyeiweka wote ni wakongwe. Kuna mkufu wa dhahabu ndani ya kasha la mama ambao si wake. Ameuweka shoga yake aliyesafiri. Kuna wakfu wa msikiti unaoangaliwa na mzee peke yake. Yote haya yamo kifuani mwake, na kifua hicho hakina nakala.

Basi, ewe mwenye wazazi wazee, kaa nao. Chagua saa ya utulivu, wala usingoje maradhi. Anza na deni na amana, kama alivyoanza Zubeir, kwani mzee mcha Mungu hachukii kuulizwa juu ya dhima yake. Akikuambia, andika, Qur'ani katika Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha. Wasia nao uandikwe mbele ya mashahidi wawili waadilifu, usomewe kwake, aukubali, na kadhi au sheikh autazame kama umekiuka thuluthi au umempa mrithi. Hati zijulikane zilipo. Na mzee amteue wasii mmoja mwaminifu. Si lazima awe mwanamume wala mkubwa wa wote: Sayyidna Umar (R.A.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaibar, aliyemwachia uangalizi wake baada yake ni binti yake Hafsa.

Lakini jihadhari na nafsi yako. Wewe unayemsaidia mzee ndiye uliye karibu na kalamu. Usimwandikie asilolisema. Usimfanyie haraka akupe wewe hiba na ndugu zako, khasa dada zako walioolewa mbali, wasijue. Bashir alipompa mwanawe Nuuman zawadi na kumtaka Mtume (S.A.W.) ashuhudie, aliulizwa kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Aliposema la, Mtume alikataa kuishuhudia. Kwa hiyo maneno na mzazi yawe mbele ya ndugu wote, au yawafikie wote.

Na siku ikifika, usikubali kugawa kwa haraka. Ndugu watakuja, kama walivyokuja wana wa Zubeir, na kila mmoja atakuwa na dharura yake. Waambie kwa upole kwamba mzee bado anadaiwa. Tangaza msikitini, tangaza mtaani, peleka habari kwa jamaa walio ng'ambo. Abdalla alingoja misimu minne ya Hija, na baada ya hapo kila mwenye haki alipata haki yake, na ndugu zake wakarithi mali isiyo na deni la mtu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri wenye kheri, awalipie madeni yao, na atujaalie sisi kuwa amana mikononi mwao na baada yao. Amin.

Wassalaam.