Voi Ilivyoingia Kwenye Jedwali

Kwa miaka mingi, mwisho wa mwezi katika vituo vya afya vya Taita Taveta, kuanzia hospitali ya Voi hadi zahanati za milimani Wundanyi, ulikuwa wakati wa kujumlisha. Daftari la kliniki ya wajawazito lilifunguliwa, mistari ikahesabiwa kwa kalamu, kisha likafuata la chanjo na la wagonjwa wa nje. Jumla ziliandikwa kwenye fomu za Wizara ya Afya, nazo fomu zikaanza safari ya kwenda wilayani. Fomu ikipotea njiani, Nairobi ilihesabu bila Voi.

Mwaka 2011 utaratibu huo ulibadilika, na mabadiliko yalianzia Pwani. Wizara ilikuwa imechagua mfumo uitwao DHIS2, unaoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, wenye mizizi katika kazi ya kupanga upya takwimu za afya Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi. Mkoa wa Pwani, ambao Taita Taveta ilikuwa sehemu yake, ndio uliofanyiwa majaribio. Kebo za baharini zilikuwa zimetua Mombasa mwaka 2009, na jambo hilo lilifungua njia mpya: badala ya kila wilaya kuwa na hifadhidata yake, iliwekwa seva moja kuu, wilaya zikaifikia kwa modemu. Kufikia Septemba 2011 mfumo ulikuwa umeenezwa nchi nzima.

Sehemu hiyo ya historia inajulikana kwa maofisa wa takwimu. Iliyobaki, ile ya ndani ya seva, huachiwa waandishi wa programu peke yao, na ni hasara, kwa sababu humo ndimo Voi ilimopewa umbo lake jipya.

DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, na katika Java kituo cha afya ni kitu kinachozaliwa kutokana na klasi, yaani kiolezo cha vitu vya aina moja, iitwayo OrganisationUnit. Kitu hicho kina jina, kina mzazi, na kina watoto wake. Mzazi wa hospitali ni kata, mzazi wa kata ni kaunti ndogo, na kadhalika hadi juu kabisa, Kenya yenyewe. Programu ikiishika Voi, inaweza kupanda ukoo mzima bila kuuliza njia.

Hifadhidata haijui ukoo wa namna hiyo. Tangu Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipochapisha nadharia yake mwaka 1970, hifadhidata nyingi duniani zimejengwa kwa majedwali: mistari na safu, basi. Katika jedwali la organisationunit kila kituo kina mstari mmoja, na mzazi amebaki kuwa namba tu kwenye safu ya parentid. Watoto hawakuandikwa popote. Kuwapata ni kusaka mistari yote iliyotaja namba yako. Zile jumla za mwisho wa mwezi nazo huingia katika jedwali jingine, datavalue, kila tarakimu ikiwa na namba ya kinachohesabiwa, namba ya kipindi na namba ya kituo ilikotoka.

Kwa hiyo lazima iandikwe mahali fulani kwamba klasi hii ni ya jedwali lile, na sifa hii ni ya safu ile. Mwaka 2001 Gavin King, mwandishi wa programu kutoka Australia, alianzisha Hibernate, maktaba ya Java inayosoma maelezo hayo na kufanya usafirishaji wenyewe wa data kati ya klasi na jedwali. Maelezo yaliwekwa katika faili la pembeni la XML, moja kwa kila klasi au kundi la klasi. DHIS2, iliyoanza kuandikwa mwaka 2004, ilifuata njia hiyo, na mafaili yake yanayoishia na hbm.xml yakaongezeka kadiri mfumo ulivyokua.

Usanifu huo ulipata mtihani wake mwaka 2013. Uchaguzi wa Machi ulileta kaunti 47, mikoa ikaondoka, na Taita Taveta ikawa kaunti yenye kaunti ndogo nne: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mti wa vituo vya nchi nzima ulihitaji kupangwa upya. Lakini waliounda klasi hawakuandika popote kwamba kuna mkoa au wilaya. Waliandika mzazi na mtoto. Mabadiliko ya katiba yakawa kazi ya kurekebisha namba za parentid, si ya kuandika programu upya. Usanifu wa namna hii hausifiwi vya kutosha.

Udhaifu ulikuwa kwingine. Mtu aliweza kubadili jina la sifa ndani ya klasi akasahau faili la pembeni, na kosa lisionekane mpaka programu iwashwe.

Dawa iliyopendekezwa ni kubandika maelezo juu ya kitu chenyewe, na kwa hilo Taita Taveta ina kumbukumbu chungu. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 kubeba kipande, yaani cheti cha utambulisho, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Kibarua wa mashamba ya mkonge alitembea na jina lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara wake, na kipande hicho kilimfunga kwenye mstari wake katika kumbukumbu za Nairobi. Aliyetoroka kazi alisakwa kwa mstari huo. Klasi ya Java haidhulumiwi ikibandikwa alama, ila mpangilio ni huohuo: anayebeba maelezo anaonyesha mstari wake ulipo.

Java 5, iliyotoka Septemba 2004, ilileta anotesheni, yaani alama zinazoanza na @ na kuandikwa juu ya klasi au sifa. Mei 2006 ukafuata mwongozo wa pamoja wa JPA, ambao Gavin King alishiriki kuuandaa. Kwa mwongozo huo, @Entity husema klasi hii inahifadhiwa. @Table hutaja jedwali. @Id huonyesha namba ya utambulisho. @Column hutaja safu. Uhusiano wa kituo na mzazi wake huandikwa @ManyToOne pamoja na @JoinColumn inayotaja parentid. Upande wa watoto huandikwa @OneToMany na neno mappedBy, kumaanisha kwamba namba ya kiungo iko katika mstari wa mtoto. Wanaoanza hulisahau neno hilo mara kwa mara, kisha wakashangaa kuona Hibernate imebuni jedwali la tatu ambalo hakuna aliyeliomba.

Kenya ina mfano wake wa kuhama kutoka njia moja hadi nyingine. Kumbukumbu za wagonjwa zilizoanza kuwekwa kwenye kompyuta mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ziliandaa njia ya OpenMRS, mradi uliobuniwa mwaka 2004, ambao baadaye KenyaEMR ilijengwa juu yake. Klasi za kwanza za OpenMRS zilieleza majedwali yake kwa XML. Klasi ya Diagnosis, iliyoongezwa katika toleo la 2.2, ilikuja na @Entity na @Table yenye jina la encounter_diagnosis. Njia zote mbili ziliishi ndani ya programu moja kwa miaka, na hakuna mgonjwa aliyetambua tofauti.

Kuanzia toleo la 6, Hibernate imetangaza kwamba mafaili ya hbm.xml yataondolewa siku zijazo, kwa hiyo mjadala unaelekea kwisha. Msimbo wa DHIS2 na wa OpenMRS uko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wa Voi au Mwatate anayetaka kujifunza kazi hii asianzie kwenye mifano ya vitabuni ya maduka na wateja. Afungue OrganisationUnit, aisome pamoja na jedwali lake, kisha atafute mstari wa hospitali ya kwao.