Dude la Ziwa Tanganyika

Atokaye Sumbawanga akateremka uwanda wa Ufipa hadi Kasanga hulikuta Ziwa Tanganyika. Katika ncha ya kaskazini ya ziwa hilo, huko Burundi, aliishi mamba mla watu aitwaye Gustave, aliyekisiwa kufika mita 6. Mfaransa Patrice Faye alimtegea tundu kubwa la chuma. Mamba hakunaswa, na kisa hicho kikaonyeshwa katika filamu mwaka 2004. Mwaka 2007 Wamarekani walitoa Primeval, iliyopigwa Afrika Kusini. Kama Wajapani walivyomvika Godzilla hofu ya bomu mwaka 1954, ndivyo mamba huyo alivyofungamanishwa na vita vya Burundi. Lakini vita hivyo viliua maelfu kwa maelfu, na waliowaua walikuwa watu, si mamba.