Picha Nambari 18

Mwezi wa Januari mwaka wa 1882, Oscar Wilde, mtunzi wa Ayalandi aliyekuwa ndiyo kwanza amewasili Marekani kuhutubia watu juu ya uzuri na mapambo, aliingia chumba cha Napoleon Sarony, mpiga picha mashuhuri wa Union Square, New York, akapigwa picha nyingi. Na mojawapo, ile iliyopewa nambari 18, ikazua daawa ambayo majaji wangali wakiirejea kila waulizwapo kama mashine yaweza kuitwa mtunzi.

Kampuni ya Burrow-Giles, wachapaji wa picha kwa jiwe, iliitwaa picha hiyo pasi na idhini ikatoa nakala 85,000. Sarony, ambaye ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alianza maisha katika kazi hiyo hiyo ya kuchapa kwa jiwe, akashitaki. Wachapaji wakajibu kwa hoja nzito: kwamba Katiba ya 1787 iliwahifadhi watunzi na maandishi yao, ilhali picha si andiko wala haina mtunzi, kwa kuwa ni nakala tu ya umbo lililokwisha kuwapo, iliyotolewa na chombo, basi Bunge, lilipoziingiza picha katika sheria ya hakimiliki mwaka wa 1865, lilivuka mpaka wake.

Tarehe 17 Machi 1884 Jaji Samuel Miller wa Mahakama ya Juu alitoa hukumu. Hoja ya maandishi aliimaliza upesi: ramani zilihifadhiwa tangu sheria ya kwanza ya 1790, nazo si maandishi kwa maana finyu. Hoja ya mtunzi ilimlazimu arudi chumbani mwa Sarony, aone ni nani aliyemkalisha Wilde vile alivyokaa, aliyechagua mavazi na mapazia, aliyepanga nuru na kivuli, hata sura ikatokea kama alivyoikusudia. Na hapo, kabla chombo hakijafunguliwa, ndipo utunzi ulipopatikana. (Wilde, ambaye kutunga ndiyo iliyokuwa kazi yake, hakuhesabiwa, alikuwa sawa na pazia.) Wachapaji wakatozwa dola 610: 600 kwa mabamba na nakala walizouza au kuzitia sokoni, na 10 kwa zilizokutwa mikononi mwao. Walakini juu ya picha ya kawaida, isiyopangwa na mtu, Miller alisema kwamba mahakama haiamui neno, na nadhani ukimya ule ulikuwa na uzito kuliko faini.

Swali la mashine na mtunzi likarudi mwaka wa 2018, pale mtu aitwaye Stephen Thaler alipopeleka taswira katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani, akaandika kwamba mtunzi wake ni akili mnemba aliyoiunda, na kwamba hapakuwa na mkono wa binadamu. Sarony alidai kila kilichomo pichani ni chake. Huyu alikana vyote. Ofisi ikakataa, na mwezi wa Agosti 2023 Jaji Beryl Howell, akiirejea hukumu ya Sarony, akaunga mkono. Mahakama ya rufani nayo ikafuata mwezi wa Machi 2025. Thaler alipojaribu kudai kwamba yeye ndiye mtunzi, kwa kuwa ndiye aliyeiunda mashine na kuitumia, hakusikilizwa, maana karatasi aliyoijaza mwenyewe ilikuwa imekwisha kushuhudia kinyume.