Kumtunza paka nyumbani baada ya upasuaji

Familia nyingi Ngokolo hufuga paka ili wafukuze panya kwenye magunia ya mpunga na mahindi. Paka jike aliyetolewa kizazi, au dume aliyehasiwa, hurudi nyumbani mara nyingi siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo muuguzi wake ni wewe, mama, pamoja na watoto.

Usiku wa kwanza

Dawa ya usingizi haimtoki mwilini mara moja, kwa hiyo atayumba na kulala sana. Mlaze chini kwenye boksi lenye kanga safi, mbali na mbwa, jiko na vumbi. Asipande juu ya meza, anaweza kuanguka. Akishazinduka vizuri, mpe maji na chakula kidogo. Dagaa au samaki wa kuchemsha wasio na chumvi wala kitunguu wanatosha. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi.

Usimpe Panadol

Hili ndilo kosa linaloua. Ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol kama letu, na hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, uso huvimba na anahema kwa shida. Diclofenac, ibuprofen na aspirini nazo ni hatari kwake. Waeleze watoto pia, maana mtoto akimwona paka analia anaweza kumpa dawa kwa huruma. Mpe tu dawa aliyoandikiwa na daktari wa mifugo, kwa kipimo alichosema.

Kidonda

Kiangalie asubuhi na jioni. Wekundu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Usimwogeshe, wala usipake Dettol, spiriti, majivu au mafuta. Asilambe nyuzi, kama amepewa kola ya shingoni, asivuliwe ovyo. Jike abaki ndani siku 10 hadi 14, bila kurukaruka. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa na daktari katika siku hizo.

Mrudishe kwa daktari haraka ukiona:

- damu inaendelea kutoka
- usaha, harufu mbaya au uvimbe unaokua
- kidonda kimefunguka
- hajala kwa saa 24
- anatapika mara kwa mara, anahema kwa shida au hazinduki

Afya yako na ya watoto

Paka mwenye maumivu anaweza kung'ata hata anayempenda. Watoto wadogo wasimbebe. Aking'ata au kukwaruza mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huambukizwa na paka pia, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa kuwa paka yuko ndani, mwekee beseni la mchanga. Kinyesi chake kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo mchanga utolewe kila siku. Kama una mimba, kazi hiyo aifanye mtu mzima mwingine, na anawe mikono kwa sabuni. Huna haja ya kumfukuza paka.