Neno la leo: kukesha

Katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, kukesha si neno la ibada wala la matanga tu, bali ni neno la kazi, kwani wavuvi wa dagaa huwasha taa zao juu ya ziwa katika usiku wa giza, hulala mchana, na mwezi upevukapo huziacha zana ufukoni, kwa kuwa nuru yake huishinda taa.

Mtu akeshaye ana kusudi. Kwa hiyo naona si insafu kumwambia mgonjwa wa UVIKO wa muda mrefu, ambaye miezi mitatu tangu augue angali na uchovu, pumzi fupi na fikra nzito, kwamba “amekesha”, ilhali yeye alijilaza mapema akautafuta usingizi asiupate. Huyo amekosa usingizi, na tabibu amsikilizaye yampasa azipambanue hali hizo mbili.

Ili azipambanue, na akumbuke kwamba ubongoni mna fungu dogo la chembe hai linalopima siku kwa mwanga uingiao machoni, wala haliitii saa ya ukutani: mwezi wa Julai jua la Kigoma huchomoza baada ya saa moja asubuhi, dakika kama 35 nyuma ya Dar es Salaam, ingawa saa za miji yote miwili zasoma sawasawa. Tena wanadamu wametofautiana kwa tabia, huyu wa alfajiri, yule wa usiku. Basi mgonjwa wa Kigoma aulizwe kwanza hulala saa ngapi, huamka saa ngapi, na kabla ya maradhi ilikuwaje.