Kuondoa mandhari ya nyuma katika picha ya sura: kazi ya programu, kazi ya shuka

Kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi Kashikishi, jua la adhuhuri ni adui wa mpigapicha. Mtu akisimama na kulipa ziwa mgongo, kamera ya simu huusoma mwanga mkali wa maji, ikaupunguza, na uso ukatoka mweusi kama kivuli. Nyuma ya mabega yake huonekana mitumbwi, nyavu na samaki wadogo wa chisense walioanikwa. Picha hiyo yatosha kupelekewa ndugu. Haitoshi kuambatishwa kwenye maombi ya kazi, ya chuo au ya hati.

Ndiyo maana programu za kuondoa mandhari ya nyuma zimeenea. Hubakiza kichwa na mabega, na mahali pa ziwa hukaa rangi moja tulivu.

Wilayani Nchelenge jambo hili si la urembo peke yake. Kuanzia Agosti 2017, maelfu ya Wakongo kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika waliingia mkoa wa Luapula, wakapokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani. Mapema mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, ambako Kiswahili cha Kongo kinasikika pamoja na Kibemba cha wenyeji. Kwa mtu aliyeacha vyeti vyake ng'ambo ya mpaka, picha ya sura mara nyingi ndiyo mwanzo wa kila ombi, na picha iliyokataliwa ni safari nyingine na gharama nyingine.

Programu inavyokata

Kwa kompyuta, picha ni vidoa vidogo, yaani pikseli, vilivyopangwa kwa safu. Programu hukipa kila kidoa namba, kwa kawaida kati ya 0 na 255. Sifuri maana yake kidoa hicho kifutwe kabisa. 255 maana yake kibaki kama kilivyo. Shavuni hakuna shida. Ugomvi uko ukingoni, hasa kwenye nywele, ambako unywele mmoja na ukuta ulio nyuma yake hugawana kidoa kimoja, nayo programu hulazimika kukisia ni kiasi gani cha kila kimoja. Ikikosea, nywele za kipilipili hukatwa zikawa laini kama kofia ya chuma, ncha ya kilemba ikapotea, na sikio likapungua.

Hapo awali kazi hii ilihitaji mkono. Mwaka 2004 watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, walitangaza mbinu ya GrabCut, ambayo mtumiaji alichora mstatili kumzunguka mtu na kompyuta ikamalizia. Baadaye zikaja programu zilizofunzwa kwa picha nyingi mno kutambua umbo la binadamu. Huduma ya remove.bg ilianza Austria mwishoni mwa 2018 na kununuliwa na Canva mwaka 2021; mwaka 2022 simu za iPhone zikapata uwezo wa kumtoa mtu pichani kwa kumbonyeza kwa kidole.

Jambo moja huwasumbua wengi. Picha iliyoondolewa mandhari huhifadhiwa kwa muundo wa PNG, unaoweza kubeba sehemu zisizo na rangi. Muundo wa JPEG hauwezi. Ukibadilisha, sehemu tupu hujazwa weupe au weusi. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hugeuzwa na kupunguzwa ubora. Afadhali itumwe kama faili.

Inapokataliwa

Kwa picha ya wasifu au ya barua ya kazi, programu yafaa. Kwa pasipoti, tahadhari. Waraka namba 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unataka mandhari ya rangi moja iliyo nyepesi, isiyo na vivuli, na uso uchukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha. Marekani inataka nyeupe au inayokaribia nyeupe, na Uingereza, kwa picha za karatasi, krimu au kijivu chepesi. Nchi zote mbili hazipokei picha iliyobadilishwa kwa programu. Sababu inaeleweka: mashine mpakani hulinganisha uso na picha, na ukingo uliokisiwa huenda umegusa taya au sikio.

Dawa ni ya zamani na ni rahisi: shuka. Itundikwe bila mikunjo, na mtu asimame hatua moja au mbili mbele yake ili kivuli kisiiangukie. Chini ya mwembe au barazani, uso ukielekea kwenye mwanga, panashinda jua la wazi. Turubai la buluu lisitumike kama paa, kwa sababu hupaka uso rangi yake. Shati jeupe mbele ya shuka nyeupe humezwa. Simu iwe usawa wa macho, umbali wa kama mita moja na nusu. Ikisogezwa karibu zaidi, pua hukua.

Mjini Gulu, Uganda, studio ya Gulu Real Art ilitumia mkasi badala ya programu. Mashine yake ya picha za vitambulisho ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Basi ilipigwa picha moja kubwa, uso ukakatwa kwa umbo la mstatili, mabaki yakatupwa. Mpigapicha Martina Bacigalupo aliyakusanya na kuyachapisha kitabuni mwaka 2013: watu walioketi, mikono mapajani, wasio na vichwa. Mabaki hayo yasiyo na thamani yanasema mengi kuliko vitambulisho vyenyewe.

Kinachobaki baada ya kufuta

Mandhari husema mtu yuko wapi. Kibao cha shule, tangi la maji au mlima unaojulikana vyatosha kumtambulisha kwa yule aliyemkimbia. Kuifuta ni kinga, lakini pungufu. Ikiwa simu imeruhusiwa kurekodi mahali, vipimo vya mahali hapo vinaweza kubaki ndani ya faili. Ruhusa hiyo izimwe katika mipangilio ya kamera kabla ya kupiga. Tena programu nyingi za mtandaoni hupokea picha nzima, pamoja na mandhari, kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, ndipo zikate. Kwa picha za watoto, na za yeyote anayejificha, shuka iliyotundikwa kabla ya kupiga ina faida nyingine: kilicho nyuma yake hakiingii kwenye picha tangu mwanzo.