Nywila Ni Sahihi, Saa Ndiyo Mbovu



Juzi nikiwa Kyuso, kule Kitui, nilijaribu kuingia kwenye seva ya mteja iliyoko Nairobi. Nikakataliwa mara tatu. Jaribio la tano lingefunga akaunti, na vibarua wake wangelala bila malipo. Kumbe stima ilikuwa imepotea, betri ndogo ya kompyuta ilishakufa, na tarehe ikarudi 2009!

Saa na nywila zinahusianaje? Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walibuni njia ya kompyuta mbili kutambuana kupitia seva inayoaminiwa na zote. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco wakaonyesha tundu: mwizi aliyeiba ufunguo wa zamani angeweza kuutumia tena. Dawa yao? Kila ujumbe upigwe muhuri wa saa. Chuo cha MIT kikajenga Kerberos kwa wazo hilo, na Microsoft ikaitumia katika Windows 2000. Kwa kawaida, saa zikipishana zaidi ya dakika 5, huingii.

Kuna mtego mwingine. Kerberos hufuata saa ya dunia, UTC. Ukirekebisha saa lakini majira yabaki ya GMT, kioo kitaonyesha sawa, kumbe umekosea saa 3 nzima.

Niliweka tarehe, saa na majira ya Nairobi, nikaingia kwa nywila ile ile. Vibarua wakalipwa.

Kwa hivyo ndugu yangu, kabla hujabadilisha nywila, tazama saa.